Deogratias wa Ulingoni

Malambo, Bariadi,
18 Februari 2025

Mdogo wangu mpendwa Deogratias,

Mwangaluka! Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Njombe, wewe na Flora na watoto, na kwamba kifua chako kimeizoea baridi. Sisi tunaendelea. Mama yupo kijijini Lingeka. Magoti yanamsumbua, lakini mdomo haujambo. Mvua zilichelewa, kisha zikaja zote kwa pamoja.

Nimeona niandike, maana kila nikikupigia simu Cyprian huwa pembeni, na habari hizi ni zake.

Kaka yetu anapanda tena ulingoni hapa mjini, Jumamosi ya tarehe 15 Machi. Litakuwa pambano lake la sitini na tatu. Atapigana na Justine, mtoto wa Mhoja wa Mwandoya. Mhoja huyo ndiye aliyeangushwa na Cyprian mwaka 2006. Sasa ana wajukuu na anatembelea fimbo, na aliyempiga bado anaruka kamba uani kwangu kila asubuhi.

Watu huniuliza siri yake. Hanywi pombe, analala mapema, anakula michembe ya viazi vikavu wenzake wakila chipsi, na tangu ujana alipenda kukwepa kuliko kupiga. Wenzake waliingia kwa hasira wakaisha upesi. Yeye hupigana kama mtu anayepalilia, mstari kwa mstari, bila haraka. Hata mimi nisiyeupenda mchezo huo nakiri kwamba ni jambo la kushangaza.

Ila mwezi uliopita alipuliza dawa ya pamba mistari ile ile mara mbili, nusu ya shamba akaiacha kavu. Mkewe Esteria alidhani ni uvivu. Juzi akaenda sokoni kununua chumvi, akaileta, akaenda kuinunua tena, na tena. Wana chumvi ya kulambisha ng'ombe wa Meatu nzima. Tulicheka sana, kisha Esteria akaacha kucheka.

Sasa sikiliza sehemu yako. Unakumbuka mwaka 2005, yale mashindano ya vijana wasiozidi miaka ishirini na mmoja? Cyprian alikuwa na ishirini na saba, na cheti chake cha ubatizo kilishaliwa na mchwa. Akachukua chako. Tuliona ni ujanja mzuri, na mimi mwenyewe ndiye niliyekitoa kwenye sanduku la Mama. Toka hapo jina lake la ulingoni ni Deogratias, na kwenye kitabu chake cha ngumi ana miaka arobaini.

Waandaaji wa pambano hili wanataka kila bondia aliyefikisha arobaini na tano apigwe picha ya kichwa hospitali kwanza, ubongo uangaliwe. Yeye kwao ni kijana. Nilikwenda kwa mwandaaji nikamweleza ukweli wote. Ni bwana mstaarabu. Akasema, "Dada, nakuelewa, lakini lete karatasi." Tukampigia Mama athibitishe. Akasema Cyprian alizaliwa mwaka wa njaa. Njaa ipi, hakumbuki.

Cyprian mwenyewe nilipomkabili alicheka tu. "Hilaria, mimi nina arobaini. Kamuulize paroko."

Kwa hiyo nakuomba uje kabla ya tarehe 15, na kitambulisho chako. Ukisimama mbele ya yule bwana, Deogratias mwenye jina lake, hatabaki mtu wa kubisha. Cyprian atapimwa. Kichwa kikiwa kizima, apigane mpaka achoke mwenyewe. Najua atakasirika, na najua ngumi hizo ndizo zilizokulipia ada mpaka chuo. Kumwaibisha mbele ya mji mzima si jambo dogo. Nimelipima hilo siku nyingi. Lakini naogopa, Deo. Naogopa sana, na kile cheti nilikitoa mimi.

Nisalimie Flora, na mwambie mbegu za maharage alizotuma zimeota vizuri. Mama anakubariki. Esteria anakusalimu, na anasema chumvi ipo, usinunue njiani.

Cyprian naye anakusalimu. Jana tulipokuwa tunakula aliniuliza kama Deo ni mzima, nikamwambia ni mzima. Tulipomaliza kunawa aliniuliza tena. Nilipokuwa navaa viatu niondoke, akanifuata mpaka mlangoni akaniuliza, Deo ni mzima?

Mungu akufikishe salama.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,
Hilaria