Duara la Kalamu Pajani

Jumatatu, 4 Machi
Msuli wa paja umechanika. Daktari wa viungo kasema bila kupepesa macho. Tiba ya mwanga wa leza mara tatu kwa wiki, kisha ndipo atajua kama nitapanda jukwaani. Onyesho letu la sarakasi ni tarehe 16! Mimi ndiye ninayesimama chini. Mdogo wangu, Unyoya, anapanda mabegani mwangu na kusimama kwa mikono juu ya kichwa changu. Tangu akiwa na miaka tisa. Nisiposimama mimi, kocha atamweka Gogo. Gogo huyo huyo aliyemdondosha binti wa watu mwaka jana, na mpaka leo binti anatembelea magongo.

Jumatano, 6 Machi
Leza yenyewe! Nilitegemea moto, moshi, angalau kishindo. Kumbe kifimbo cha chuma chenye kitaa chekundu. Tumevaa miwani ya giza wote wawili, kama wezi wa benki. Haichomi, haiwashi — inalia pii, basi. Daktari anasema mwanga unausaidia msuli ujitibu wenyewe, ila si kila mtu unamfaa. Ahsante kwa kunitia moyo!
Kazi yangu: kila asubuhi nibonyeze paja, nichore kwa kalamu pale maumivu yanapoishia. Yeye anamulika ndani ya duara tu. Likipungua, napona. La leo ni kubwa kama sahani.

Ijumaa, 8 Machi
Sahani ile ile. Mazoezini Gogo kamnyanyua Unyoya, eti anampima uzito. Anacheka. Kocha kaniuliza mguu vipi. Nikasema unaendelea.

Jumatatu, 11 Machi
Nimechora dogo. Niligeuza kikombe nikakizungushia kalamu. Daktari kafurahi — enhe, umeona sasa? Akamulika humo humo. Pembeni, kunakouma hasa, hakukuguswa.

Jumatano, 13 Machi
Kifuniko cha chupa. Alipobonyeza nikauma ulimi. Kasema mimi ni mgonjwa wa mfano.

Ijumaa, 15 Machi
Karatasi ya daktari ninayo: anaruhusiwa kupanda jukwaani. Ina muhuri. Unyoya kanirukia shingoni pale pale mlangoni, nikashika meza nisianguke. Machozi yakanitoka, akadhani ni ya furaha. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi maishani.

Jumamosi, 16 Machi
Chumba cha kubadilishia nguo. Imebaki nusu saa. Nimebonyeza paja, nikachora kwa ukweli, mara ya kwanza wiki nzima. Duara limelipita hata lile la siku ya kwanza. Linakaribia goti. Jamani, nimefanya nini!
Gogo yuko nje, kavaa tayari. Kocha kamweka wa akiba, na kasema mchezo wetu haufutwi, watu wameshajaa. Nikisema, Unyoya anapanda juu ya Gogo. Nisiposema, anapanda juu yangu.
Unyoya kaingia sasa hivi, viganja vyeupe kwa chaki ya kuzuia kuteleza. Kaliona. Kauliza, kaka, hilo duara la lini? La zamani, nikamwambia. Kainama, kalipitishia kidole. Wino umehamia kwenye chaki yake — mbichi kabisa.
Kakaa kwenye benchi mbele yangu, kidole kakiinua, anasubiri. Naandika ili nisimtazame. Kocha anagonga mlango, anataka kujua kama tuko tayari, na Unyoya anajibu kabla yangu: bado, kaka ana jambo la kukwambia.