Harufu Kambini

Mama, shikamoo kutoka huku kambi ya gesi, Palma.

Juma lililopita nilinusa uvundo ofisini, nikapiga king'ora. Wote wakakimbilia uwanjani isipokuwa mpishi, Bi Fatuma, basi nikarudi jikoni kumvuta mkono.

"We karani, niache! Ni mihogo yangu nimeloweka!" akafoka mbele ya watu.

Mimi, mtoto wa Namoto, kwetu kwenye mihogo, nisiijue harufu yake! Mafundi wakacheka, wakasema gesi ya huku hata hainuki. Nikajua kazi imekwisha.

Shefe, mkuu wetu wa kambi, akaniuliza, "Ulidhani ni gesi kweli?"

"Ndiyo, shefe."

"Na ukarudi ndani?"

Kicheko kikakatika.

Leo Bi Fatuma kasonga ugali wa mihogo ile, kanipakulia mimi kabla ya shefe.

Mola akutunze, Mama.

Mwanao, Abdala