Mbeleko ya Mama Imekuwa Mifuko ya Sokoni

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana mwisho wa mwezi nyumbani kwetu kutawaka na kiberiti ninacho mimi.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka ishirini na mbili, kushona nimejifunza kwa kutazama video kwenye simu na kuharibu nguo za ndugu zangu, naishi na mama na kaka. Mwanzoni mwa mwaka nilichoka na plastiki. Kaka akileta nyanya, kifuko, vitunguu, kifuko kingine, mkate umekuja na plastiki yake na muuza duka anautia kwenye ya pili, sijui anaogopa utashikwa na baridi. Wiki moja nikaviweka vyote kwenye ndoo, vikafika hamsini na tatu kwa watu watatu, nikavimwaga mezani wakati wa chakula ili waone. Kaka akasema, "Waziri wa Mifuko, watu tunakula hapa." Jina likaganda. Mama yeye akauliza tu, "Haya, tubebee nini, mikono?"

Swali hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu mimi nikiulizwa kitu siwezi kutulia. Nikaamua kushona mifuko, lakini mabaki ya vitambaa vya kazini ni mepesi, hayabebi viazi, nikafungua sanduku la mama na chini kabisa nikakuta kitambaa kipana, kizito, kimepauka, pembeni kina kiraka cha uzi mwekundu, nikaona hiki hakina kazi. Mama hakuwepo. Nikakitia rangi ya buluu iliyokolea, nikakikata, nikapata mifuko minne, mmoja nikampa mama, mmoja mama mwenye nyumba, mmoja kinyozi wa hapo mbele, mmoja shangazi. Kile kiraka kilibaki kwenye mfuko wa mama, kwa ndani.

Na mshauri, mifuko ilifanya kazi. Ndoo ikashuka mpaka vifuko kumi na moja kwa wiki. Mama akitokea dukani, muuza duka aliyeanza kuchukua kifuko anarudisha mkono mwenyewe. Mama aliringa nao, "Kaushona binti yangu huu." Akaniuliza kitambaa nimekitoa wapi, nikasema mabaki ya kazini.

Sasa wiki tatu zilizopita dada yangu mkubwa alipiga simu, ana mimba ya miezi saba na mwisho wa mwezi anakuja kungojea uzazi hapa nyumbani, nami nipo palepale napiga pasi shati la mteja, namsikia mama anamwambia, "Mbeleko usinunue, mwanangu. Ile niliyowabebea nyote watatu ipo sandukuni, nimeitunza." Shati nikaliunguza.

Mama hajataja sanduku tena. Hata mfuko wake haendi nao sokoni siku hizi, ameutundika kwenye msumari chumbani kwake, nikimuuliza anapitisha kidole pale kwenye kiraka anasema, "Huu nauonea huruma, nishonee mwingine." Nimewaza niikusanye ile mifuko kimyakimya, niifumue, niunge mbeleko upya. Au ninunue kitambaa kipya nikipaukishe kwa dawa na kukitia kiraka. Kaka, ambaye nimemwambia yeye peke yake, anasema, "Sema panya." Nikikiri, mama atasema ndiyo hayo mambo yako ya plastiki, tutarudi kwenye vifuko hamsini na tatu, na dada hatanisamehe. Nifanyeje?

Waziri wa Mifuko

*

Waziri, marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, na hasira bado ninayo kidogo, kwa hiyo vumilia.

Umehesabu takataka za nyumba nzima, umezimwaga mezani watu wakila, lakini mwenye sanduku hukumuuliza. Mtu akiweka kitu chini ya nguo zake zote hajakisahau. Amekiweka mbali na watu kama wewe.

Kaka yako mwambie nimemsikia, na panya hawatii vitambaa rangi ya buluu.

Hizo njia zako mbili zitupe leo. Wewe ni fundi, unajua kitambaa kilichokatwa vipande vinne kikiungwa kina nguvu gani. Mshono ukiachia, kitakachoanguka si kitunguu. Na kitambaa kilicholoweshwa dawa ya kupaukisha umfungie mtoto mchanga, hapana.

Halafu rudia barua yako uisome kama si yako. Mama aliyeringa na mfuko sokoni kauacha tangu dada yako alipopiga simu. Kautundika chumbani. Anapapasa kiraka. Kiraka hicho nani alikishona, si yeye? Binti, mama yako anajua. Rangi ilimpoteza mwanzoni, lakini baada ya simu ile mama gani hafungui sanduku? Anakungoja useme mwenyewe. Wiki tatu anakupa nafasi, wewe unatafuta panya.

Kwa hiyo leo, kabla hujakalia cherehani, ingia chumbani kwake useme, "Mama, mbeleko niliikata mimi, na nilikudanganya." Ukomee hapo. Usimtajie plastiki, usimwambie nia ilikuwa nzuri. Akikugombeza, sikiliza mpaka amalize. Ukitoka hapo nenda kwa mama mwenye nyumba, kwa kinyozi na kwa shangazi, kila mmoja umpe mfuko mwingine na urudi na ule wako, uweke yote mitatu mbele ya mama. Itakuwa nini, ataamua yeye. Dada yako mpigie wewe, si mama, na mbeleko mpya uigharamie wewe, mama akiichagua.

Vifuko havitarudi hamsini na tatu. Mama ndiye aliyemfanya muuza duka arudishe mkono, si wewe. Ila jambo moja la kazi yako ya uwaziri. Hukuhitaji mkasi. Nyumba gani haina kikapu, gunia la unga linalofulika, kopo lenye mfuniko la kwenda nalo kupimiwa sukari? Anza na hivyo, na mkate mwambie muuza duka plastiki moja imetosha. Kushona kuje mwisho, tena kwa kitambaa ulichopewa.

Mfuko ulio kwenye msumari usiuguse wala usiuombe. Ule haubebi vitunguu tena. Mama amekuomba mwingine, mshonee huo, na safari hii muulize kitambaa kipi.