Mahameli, Mama na Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nimetoka mazoezini, koo limekauka, nafungua mlango — televisheni inanguruma nyumba nzima, na Mama analia. Machozi ya kweli! Nikadhani kuna msiba. Kumbe Mahameli. Lile jibaba la suti nyeupe linaloimba opera kama tangazo la marashi. Na anaimba nini? Wimbo wangu! Ule wa mama anayemuaga mwanawe, nitakaouimba Jumamosi.

Mama kasema huyu ndiye anayejua kuimba, anamgusa. Kwangu hajawahi kutoa hata chozi la bahati mbaya. Anapiga makofi, ananiambia nimependeza. Nimependeza! Kama nilikwenda harusini.

Nimekwenda kuosha vyombo. Kwa kelele.

Jumanne, 4 Machi

Meneja wa ukumbi naye! Kanivizia kwenye ngazi. Eti nivae maiki Jumamosi, watu siku hizi wamemzoea Mahameli. Nikamuuliza kama anajua tofauti. Akasema opera ni ileile, ila ya Mahameli imechangamka. Imechangamka!

Naiandika humu hiyo tofauti, maana pale kwenye ngazi hasira zilinifunga mdomo. Sisi hatuvai maiki. Okestra nzima iko mbele yangu, na sauti yangu inaipita kwa pumzi tu, kutoka tumboni hadi kwa watu wa mstari wa mwisho. Ukumbi unanyamaza ili unisikie. Mahameli ananong'ona, mashine inamfanyia kazi. Wimbo kaushusha kwa sababu kule juu hafiki. Kaukata katikati, kautia ngoma. Na mwisho — hapo ndipo ninapotaka kumzaba kibao — mwisho yule mama wa kwenye wimbo anabaki na noti moja nyembamba ya sauti, kwa sababu mtoto ameshaondoka, hakuna tena wa kumwita. Mahameli anaipigia ukelele! Taa zinawaka, watu wanasimama.

Mwongoza okestra alikuwepo. Alijifanya anatafuta miwani. Mwoga mkubwa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo limelipuka. Mama kamwasha Mahameli tena, nikazima. Nikamwambia kwangu mimi hujalia hata siku moja, mimi niliyetoka tumboni mwako! Nilifoka hasa. Alinitazama mdomo, halafu akasema taratibu:

"Mwanangu, wewe nakuona tu. Sikusikii."

Muda mrefu sasa masikio yake hayasikii vizuri. Ukiwa karibu anakupata, spika ikinguruma anaipata. Nikiwa jukwaani anaona mdomo unafunguka, basi. Anawatazama jirani zake ajue lini apige makofi. Kumbe daktari alimpa vifaa vya kusikilizia, vimo kabatini, vinampigia mluzi kichwani. Hakutaka nijue. Eti ningevunjika moyo.

Nimekasirika kuliko Jumatatu. Anifiche mimi! Nilitoka, nikazunguka mtaa mzima, nikarudi, nikakuta kanipigia pasi gauni la Jumamosi. Hata kumnunia vizuri nimeshindwa.

Jumamosi, 8 Machi

Chumba cha kuvalia. Nimechungulia pembeni ya pazia: Mama yuko mstari wa mbele, mkoba mapajani, anawaangalia jirani zake.

Nimemwita fundi mitambo wa sauti, yule binti mpole. Mimi! Nimemwita mwenyewe. Nikamuuliza kama anaweza kuifikisha sauti yangu kwenye kiti kimoja tu. Akacheka. Dada, spika haichagui mtu, wakisikia wamesikia wote. Nikamuuliza, na noti ya mwisho, ile nyembamba? Nikamweleza habari za masikio ya Mama. Hapo hakucheka. Akasema kwa masikio hayo, hata na maiki, itabidi niipaze.

Niipaze! Kama Mahameli!

Mwongoza okestra kapita mlangoni, kauona waya wa maiki. Kasema nikivaa kidude hicho anaweka chini fimbo yake ya kuongozea na kwenda zake nyumbani. Leo ndiyo kapata ushujaa! Namchukia. Namchukia na Mahameli, nayachukia na masikio ya Mama. Hasa masikio ya Mama.

Kengele. Naandika nimesimama, gauni liko wazi mgongoni. Binti ananiuliza kwa mara ya pili: "Dada, nipitishe waya au nifunge zipu?"