Njia ya Nyuma ya Migomba

Mama Tumaini, mke wangu,

Ugonile. Najua hii ni salamu ya asubuhi, na barua yenyewe pengine Bwana Salimu atakukabidhi dukani kwake jua likiwa kali, lakini huku Ulaya sina mtu wa kuniitikia, kwa hiyo nakusalimu ninavyotaka. Homa ya Tumaini imekwisha? Mpunga wa bondeni mmeuvuna, au mto umewatangulia tena? Mimi mwili ni mzima. Baridi nimeizoea. Chakula chao sijakizoea na sina nia ya kukizoea.

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitangoja ipoe. Kuna jambo limetokea hapa chuoni, nami nataka ulisikie kutoka kwangu kabla halijafika Kyela kwa mdomo wa mtu mwingine.

Unakumbuka kilichonileta. Nilikuja kusoma namna ya kuzitazama picha zinazopigwa kutoka juu, kwa ndege na kwa satelaiti, ili siku moja tujue mapema mto utapasua kingo zake wapi, watu wahamishe magunia badala ya kuyafukuzia majini. Programu ya kompyuta niliyoitengeneza inafuata mistari: mito, mifereji, hata vijia vya miguu. Miaka mitatu nimehangaika nayo.

Basi hivi karibuni jeshi la huku likatoa tangazo. Linataka makampuni na vyuo vilete mawazo, vyombo vya angani vinaweza kulisaidia namna gani vitani. Uone mambo ya soko huria: kwetu limeleta wanunuzi wa kokoa, kila mmoja na mizani yake, na huku hata mawazo ya walimu yamepata wanunuzi. Profesa wangu, mtu ambaye tangu nifike hajawahi kunipandishia sauti, alifurahi kama aliyepata mjukuu. Akasema programu yangu iache mito, itafute vijia, imwonyeshe mkubwa wa jeshi adui anapita wapi.

Siku ya majaribio wakaja mabwana wawili wa kampuni inayotengeneza satelaiti. Profesa akaweka picha za ndege nilizotoka nazo nyumbani, kwa kuwa ndizo zilizokuwa tayari kwenye kompyuta. Ikachora. Barabara zikatoka nyeupe, njia za kawaida njano. Halafu kwa rangi nyekundu vikatokea vijia vyembamba vinavyoachana na njia kubwa kila vinapokaribia nyumba fulani, vinazunguka nyuma ya migomba, kisha vinarudi njiani. Mabwana wale wakainama kutazama. Mmoja akasema hivyo ni vijia vya watu wanaojificha, tena wamezoea, maana vimekanyagwa sana. Wakaandika kwenye madaftari yao.

Mimi nikacheka. Nilicheka mpaka Profesa akaniuliza kama naumwa. Nyumba ile ilikuwa ya baba, pale pale Talatala, na kijia chekundu kilikuwa chako wewe.

Nikawaeleza. Kwetu mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake anaacha njia, anapitia migombani, na mzee naye akijua mkwe yupo anageuza uso. Ni heshima. Wengine siku hizi wameiacha, wewe na baba mmeng'ang'ana nayo, na mimi nilikuwa nakutania kwamba unatembea mara mbili ya watu wengine. Nikawaambia umekikanyaga kijia hicho tangu harusi yetu, na ndoo kichwani.

Bwana mmoja alitabasamu kwa adabu. Profesa akasema, "Kompyuta haina haja ya kujua wanamkwepa nani. Inatosha ijue wanajificha."

"Anayejificha pale ni mke wangu," nikamwambia.

Akasema nisiwe mtoto, huo ni mfano tu, hakuna anayekwenda kupigana Talatala. Nikamuuliza wanakwenda kupigana wapi basi, na huko wake za watu hawana wakwe? Alinisogezea karatasi ya maombi ya kupelekwa jeshini, nami nilitakiwa kutia sahihi kwa kuwa programu ni yangu. Nikamrudishia.

Ameniita mara mbili baada ya hapo. Mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili aliniambia wazi kwamba bila yeye hakuna wa kuisoma tasnifu yangu wala wa kuniombea kibali cha kuendelea kukaa. Nikamshukuru kwa yote aliyonifundisha, kwa moyo kabisa, nikachukua picha zangu na disketi zangu. Najua watatengeneza programu nyingine. Wana watu wenye akili kunishinda. Waitengeneze, lakini jina langu halitakuwemo, wala nyumba ya baba.

Usidhani sikulia. Miaka mitatu umelima peke yako mimi nikikuahidi shahada, na sasa nakuja mikono mitupu. Hilo linaniuma, na mbele yako wewe naona haya. Mbele ya mtu mwingine yeyote sioni haya hata kidogo.

Msalimie mama, na kwa mdomo wa mama msalimie baba. Msalimie mjomba wetu mvuvi wa Matema. Bwana Salimu mwambie ndaga fijo kwa kutupokelea barua muda wote huu. Mdogo wangu, mwalimu wa Njisi, msalimie pia, ingawa ndiye atakayekuwa wa kwanza kutangaza kwamba nimefeli.

Nafika kabla ya mvua kubwa. Watu wakikuuliza shahada iko wapi, usiiname wala usinitetee kwa maneno mengi. Waambie walitaka niwaonyeshe mke wangu anapojificha, nikakataa.

Mumeo,
Baba Tumaini