Gunia la Nyuma ya Mlango

Mama yangu,

Mungu ni mwema. Najua umeshajibu, "Kila wakati," na safari hii kifua hakikukukatiza. Mimi Mumbua wako ni mzima. Mutua ndugu yangu pia ni mzima, na bado anachelewa kanisani. Leo nakuandikia kwa sababu ya lile gunia.

Ulipotuacha, kibanda chako cha makaa pale Silanga kilibaki na gunia moja la makaa, limejaa nusu. Mutua alitaka tuyatumie kupikia wageni wa matanga. Nikakataa. Akaniuliza, "Sasa dada, utaliweka ndani kama nani? Kama mama?" Nikalia, akaliacha. Tangu siku hiyo gunia lilikaa nyuma ya mlango wangu, na nikifagia nalizunguka polepole kama ninayemzunguka mtu aliyelala.

Sasa sikia. Unakumbuka nilikuahidi nitamaliza chuo cha ualimu, hata kama vijana tunaosoma nao wananiita shosho, kama bibi yao. Muhula huu nimetumwa shule moja ya Kawangware kwa mazoezi ya kufundisha. Gredi ya tatu, somo la sanaa. Mama, mimi nilidhani sanaa ni mchezo! Siku ya kwanza nikaandika ubaoni "Nyumbani kwetu," nikachora vile sisi tulifundishwa: nyumba ya nyasi, milima miwili, jua likichungulia katikati. Watoto wakachora kimya kabisa. Nikapita nikiwatilia alama za vyema, nimefurahi kama nini. Watoto arobaini na mmoja, na wote walikuwa na jua lilelile.

Mwalimu wa chuo anayetukagua alikuwa ameketi nyuma. Akaniambia kwa upole, na ule upole ndio uliniuma, "Mama, hawa hawajachora. Wamenakili. Nitarudi Alhamisi ijayo. Nikikuta hivi tena, utarudia muhula."

Kabla sijameza hilo, Atieno wa dawati la mbele, msichana mwenye pengo la meno mawili, akanivuta sketi. "Ticha, hapa ni kwa nani?"

"Ni nyumbani."

"Kwa nani? Sisi hatuna mlima."

Nilienda na hilo swali mpaka nyumbani. Nikapiga magoti. Nikamwomba Mungu rangi, Mama, sikufichi, niliomba rangi na brashi na karatasi nzuri. Nikafumbua macho, mbele yangu gunia.

Ndipo nikakumbuka. Nilikuwa mdogo kama hao watoto. Uliniachia kibanda kidogo uende kuteka maji, nami nikaokota chenga, vile vipande vya makaa vinavyobaki chini, nikakuchora kwenye mabati kutoka chini hadi juu. Jirani akacheka, "Mama Mumbua, huyu ni wewe ama ni gunia?" Nikangoja kofi. Ukasimama mkono kiunoni, ukaangalia, ukaangalia, kisha ukasema, "Ni mimi. Mtoto ameniona." Hukuifuta ile picha. Mvua ndiyo iliifuta, na hiyo mvua uliilalamikia wiki nzima.

Alhamisi nikabeba ndoo ya chenga zako na kalenda kuukuu za kanisani, tuchore upande wa nyuma. Ubao nikauacha mtupu. Haikuwa rahisi, mkono uliniwasha kuwachorea. Nikawaambia tu, "Funga macho. Ingia mlango wa kwenu. Nani yuko ndani?"

Mama, kelele! Makaa kwenye mashati, kwenye mashavu, mpaka kwenye masikio.

"Ticha, Kevo amekula makaa!"

"Sijakula! Nimeonja tu!"

Katikati ya hayo yote mwalimu wa chuo akaingia na shati jeupe, akasimama mlangoni kama mtu anayetafuta pa kukanyaga. Nikasema moyoni, Bwana, nimekwisha. Akaenda mpaka kwa Atieno, akainama. Kulikuwa na mitungi ya maji imepangwa, kamba ya nguo, mabati, na mwanamke ambaye kichwa chake kilikuwa kimepita paa.

"Mbona mama yako ni mkubwa kuliko nyumba?"

Atieno akamtazama vile unamtazama mtu mzima asiyejua kitu. "Si akiingia, nyumba inajaa."

Yule mwalimu alicheka mpaka akaketi kwenye kile kidawati. Mimi niligeuka haraka nikaanza kufuta ubao. Mama, ubao haukuwa na kitu. Nilikuwa naficha machozi.

Nimepita! Chini ya fomu ameandika pia, "Tafuta maji ya kunawa."

Tumechora Alhamisi nne sasa, picha tumezibandika ukutani darasani, na gunia limeisha. Nililikung'uta, nikalikunja. Juzi Mutua alikuja, akachungulia nyuma ya mlango. "Na mama ameenda wapi?" Nikamwambia, yuko Kawangware, ukutani, wanamwangalia. Akacheka. Halafu akaomba aje siku moja aone.

Basi pumzika, Mama, mikono yako ikiwa safi. Nakuahidi sitamchorea mtoto nyumba yake tena. Nitangoja aione mwenyewe, hata mkono ukiniwasha namna gani. Na siku Bwana atakaponifungulia mlango wa huko kwenu, sitauliza mtu uko upande gani. Nitaona nyumba imejaa.

Mwanao,
Mumbua