Kwa Cucu, Kuhusu Yule Aliyetangulia Kuingia

Mpendwa Cucu, nyanya yangu,

Unakumbuka akina mama wa kanisa letu pale Tetu walivyotunga mchezo, uhuru ukiwa bado mchanga, kuhusu nyanya anayesimulia ujana wake? Wewe ukapewa uzee, mimi nikapewa ujana. Nani mwingine? Nilikuwa na jina lako, na baba aliniita mama tangu nikiwa mchanga, kama ilivyo desturi yetu. Niliona kazi imekwisha kabla sijaianza. Kiburi cha miaka kumi na saba hicho.

Wiki nzima nilikufuata kwenye shamba la kahawa nikikuiga. Nilipinda mgongo, nikaguna kabla ya kuketi, nikapapasa paji la uso pale ulipokuwa na bonde lililochimbwa na mkanda wa kubebea kuni. Ulicheka mpaka ukashika mti. Na kwa kuwa mwalimu wa mchezo, Mmeru wa Timau, alitaka Kiswahili, ulinifundisha kwa Kiswahili chako kile.

"Hiyo mkono ni ya uzee," uliniambia. "Wakati nilikuwa msichana, hapa hakukuwa na shimo. Toa uzee yote. Ile itabaki ndiyo mimi."

Basi nikatoa. Nikatoa mkono, mguno, kibiongo. Kila siku nilitembea nikiwa nimepunguza kitu kimoja zaidi. Kilichobaki sikufundishwa na mtu: kila nilipofika mlangoni nilisimama, nikasogea kando, nikavuta pumzi moja, ndipo nikaingia. Nilidhani ni ubunifu wangu, nikajisifu kimoyomoyo.

Siku ya mazoezi ya mwisho, saa nane mchana, jua likiwaka nje ya ukumbi wa Gatitu, uliniona nikifanya hivyo. Ukakaa chini sakafuni. Mwalimu alidhani ni njaa, akaenda kukutafutia chai. Tulipobaki wawili ukaniambia jambo ambalo hata baba hakulijua. Ulikuwa na dada mkubwa, Wambui, na kila mlango alitangulia yeye, wewe ukimpisha. Siku moja mto ulijaa, naye akaogopa gogo la kuvukia. Ukamwambia mkubwa ndiye hutangulia. Akapanda, gogo likageuka.

Ulinishika mkono. Vidole vyako vilikuwa baridi. Nami niliogopa, Cucu, si wewe, bali mlango uliokuwa nyuma yangu.

"Amepita hapo mbele yako sasa hivi," ulisema. "Ako na hasira na mimi?"

Nikasema hana. Nikaongeza kwamba anatabasamu. Ulilia, ukajifuta, na Jumapili ukacheza vizuri kutushinda sote. Mvua ndefu hazikuwa zimekatika ulipotuacha, na waliokuosha walisema uso wako ulikuwa mtulivu.

Nimekukumbuka sana siku hizi, na naona aibu. Sikukudanganya kwa ubaya. Ulikuwa umenishika mkono, nami nilikuwa mwigizaji, nikakupa maneno uliyoyahitaji. Lakini ni haki yako kuujua ukweli wote. Kweli kuna mtu alinipita. Nilihisi pindo la nguo iliyolowa maji likinigusa mguu, na sakafu ilikuwa kavu. Uso wake tu sikuuona. Hakugeuka.

Kama mmekutana huko, jibu unalo wewe. Natamani liwe lile nililokupa.

Ni mimi mjukuu wako, uliyemwachia jina.